Hamoki Appalachian Trail: cheki miti mapema
Kama unapiga Appalachian Trail, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu kule Marekani, na hamoki (kitanda cha kitambaa cha kuning'iniza kati ya miti) badala ya tenti, anza kutafuta pa kulala kabla jua halijazama. Njia yote, kilomita 3,500 hivi, karibu ni msitu mtupu, kwa hiyo miti sio ishu, ishu ni sheria, mfano hifadhi ya Great Smoky Mountains lazima uwe na kibali na ulale sehemu zilizopangwa tu, na milima ya White Mountains kule juu miti inaisha kabisa so shuka kwanza. Chagua miti miwili mizima, minene kama paja, hatua sita hivi kati yake, hata kwenye mteremko poa tu (wa tenti watakuonea wivu). Angalia juu, tawi kavu halipigi hodi. Na funga kwa mikanda mipana, kamba nyembamba inachuna magome.