phpMyAdmin ya nyumba ya wageni isionekane mtandaoni

Kanzidata ya nyumba ya wageni, iwe Nungwi, Paje au Chake Chake, imebeba majina, simu na namba za pasipoti za watu waliokuamini. Ukiiacha phpMyAdmin, yaani ukurasa wa kusimamia kanzidata kwa kivinjari, wazi, roboti za mtandaoni zitaikuta tu, maana hujaribu /phpmyadmin, /pma na /adminer.php kwenye kila seva. Kubadilisha jina la folda hakufungi mlango.

Kabla ya kufikiria nenosiri, iondoe machoni mwa watu. Kwenye Apache, programu inayohudumia tovuti, ndani ya sehemu ya Directory ya phpMyAdmin, andika `Require local` badala ya `Require all granted`, ili maombi yanayotoka ndani ya seva yenyewe tu yakubaliwe, kisha uwashe upya Apache. Wewe utapitia SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva:

`ssh -L 8080:127.0.0.1:80 jina@seva`

Acha dirisha hilo wazi, ufungue `http://127.0.0.1:8080/phpmyadmin`. Kuruhusu IP (anwani ya mtandao) ya ofisi hakusaidii kama mnatumia intaneti ya laini ya simu: IP hubadilika, na huenda mnaitumia pamoja na wateja wengine wa mtandao huo.

Sasa zima Wi-Fi ya simu, washa data, ujaribu anwani ya zamani. Lazima upate 403, yaani umekataliwa. Ukurasa wa kuingia ukitokea bado, tazama kama Nginx, programu nyingine ya kuhudumia tovuti, imekaa mbele ya Apache kwenye seva hiyohiyo. Hapo kila anayekuja huonekana ametoka 127.0.0.1, yaani kwenye seva yenyewe, basi zuio liwekwe kwenye Nginx.

Katika `config.inc.php`, faili la mipangilio ya phpMyAdmin, `auth_type` iwe `cookie`. Ikiwa `config`, nenosiri limo ndani ya faili na yeyote anayefika huingia bila kuulizwa. `AllowNoPassword` na `AllowRoot` ziwe `false`. Folda ya `setup` ifute.

Panaposahauliwa ni haki za mtumiaji. Mwenye haki ya FILE, yaani kusoma na kuandika mafaili ya seva kupitia MySQL (programu ya kanzidata), anaweza kutumia `SELECT ... INTO OUTFILE` kupandikiza faili la PHP kwenye folda ya tovuti, ikiwa `secure_file_priv`, mpangilio unaoweka mipaka ya uandishi huo, ni tupu na MySQL inaruhusiwa kuandika humo. Tangu hapo seva ni yake. Mpe mtumiaji SELECT, INSERT, UPDATE na DELETE kwenye kanzidata moja tu, na katika `my.cnf`, faili la mipangilio ya MySQL, weka `secure_file_priv=NULL` na `bind-address=127.0.0.1`.

Adminer, zana nyingine ya kusimamia kanzidata, ni faili moja, ndiyo maana husahauliwa kwenye seva. Matoleo ya kabla ya 4.6.3 yalimwezesha mshambuliaji kuielekeza kwenye MySQL yake mwenyewe, akavuta mafaili ya seva yako, hata lile lenye nenosiri la kanzidata. Ukimaliza kazi, faili la Adminer lifute siku hiyohiyo.