Programu ya kukodi gari: anza na saa

Mimi huchora skrini za programu za simu hapa Unguja. Kazi yangu ya kwanza ya magari ya kukodi niliifanya kwa mtu mwenye gari tano, RAV4 tatu na Escudo mbili. Wateja wake ni wageni waendao Nungwi na Paje, na wenyeji wenye harusi. Wiki mbili nzima nilizimalizia kwenye rangi na picha za magari. Siku ya tatu tangu programu ianze kutumika, dereva akanipigia kutoka uwanja wa ndege: "Dada, nipo hapa toka saa mbili, mgeni simuoni." Mgeni alikuwa bado angani. Alichagua 2:00 mchana kwa hesabu ya Kizungu, yaani saa nane yetu, na skrini ya dereva, niliyoichora mimi, ikaandika "Saa: 2:00".

Kwa hiyo nakushauri: kabla ya rangi na nembo, chukua karatasi uchore jinsi saa ile ile ya kukabidhiana gari itakavyoonekana kwa kila anayehusika.

Ndani ya seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa za programu, hifadhi muda kwa mtindo wa saa 24, majira ya Afrika Mashariki, na usiuguse tena. Hesabu ifanyike wakati wa kuonyesha tu. Mgeni anayesoma Kiingereza aone saa kama alivyozoea. Kwa msomaji wa Kiswahili, likitokea neno "saa" kwenye skrini, basi namba inayolifuata lazima iwe ya Kiswahili. Toa 6 kwenye namba ya saa, dakika ziache zilivyo; ukipata sifuri au chini yake, ongeza 12, ukizidi 12, toa 12. Hivyo 08:00 inakuwa saa 2 asubuhi, 14:00 saa 8 mchana, na 19:30 saa 1:30 usiku. Mimi huziandika zote mbili, "saa 2 asubuhi" kwa maandishi makubwa na "08:00" chini yake kwa maandishi madogo, kwa sababu mtu huyo huyo anaisoma 08:00 kwenye simu yake na kuiita saa mbili bila shida. Usiitegemee lugha ya Kiswahili iliyomo kwenye simu ikufanyie kazi hii. Itakubadilishia majina ya siku na miezi. Hesabu ya saa itaiacha vilevile.

Pia achana na lile gurudumu la kusokota namba. Anza na wakati, kisha saa. Mpe mteja kwanza vitufe vya Alfajiri, Asubuhi, Mchana, Jioni na Usiku. Akigusa Asubuhi, zifunguke saa za asubuhi peke yake, nusu saa kwa nusu saa.

Usiku una mtego wake. Ndege inayotua 02:00 siku ya Ijumaa: ukimwandikia dereva "Ijumaa, saa 8 usiku", anaweza kulala akangoja Ijumaa ipite ndipo aende. Na kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua likizama. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 8" na uweke tarehe. Maneno ni mengi zaidi, lakini yaache.

Neno "siku" nalo lifafanue. Mwenye harusi akikodi gari siku moja, kichwani mwake ni asubuhi mpaka jioni. Mwenye gari anahesabu saa 24. Usiandike "siku 1" ukaishia hapo. Andika "kuanzia Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka Jumapili saa 3 asubuhi".

Tukija kwenye pesa, onyesha jumla kabla hujamwomba mtu jina wala namba ya simu. Bei ya kukodi gari iwe mstari wake, mafuta na dereva mistari yao, na amana ikae mbali kabisa na hivyo vyote, kwa sababu amana inarudi. Anayelipa kwa kadi, amana yake inaweza kuzuiwa tu benki bila kuhamishwa. Anayelipa kwa simu, pesa zinaondoka kweli kwenye akaunti yake, halafu inabidi zirudishwe. Mwambie hapo hapo zitarudi lini na nani atabeba makato. Nimeona watu wakiifunga programu kwenye skrini hii, na si kwa sababu ya bei: hawakujua kama laki yao itarudi.

Kwa magari ya Zanzibar, mgeni anayetaka kujiendesha kwa kawaida huhitaji kibali cha muda cha kuendesha, na polisi barabarani hukiulizia. Basi swali la "unaendesha mwenyewe au unataka dereva?" liwe la mwanzo, na picha ya leseni iombwe mapema ili kibali kiwe tayari kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Mengine ni mepesi. Kitufe cha mwisho nilikiandika "Wasilisha" na watu wakasita; nilipokigeuza kuwa "Kodi gari hili", walikibonyeza. Picha za gari ziwe za gari lenyewe, zilizopunguzwa uzito zisile bando. Sehemu ya kuchukulia gari iruhusu ramani na pia maelezo ya mdomo, mfano "nyuma ya msikiti, geti la kijani".

Halafu itoe programu nje. Mimi huenda soko la Darajani mchana, jua kali, na simu ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka. Humwomba mtu akodi gari, nami nanyamaza. Akimaliza namuuliza matatu: gari linakuja siku gani, saa ngapi, na mfukoni zitatoka shilingi ngapi? Akisita kwa lolote, narudi nyumbani kuichora upya skrini hiyo.