Pima samaki wako kabla hujaamua nani arudi majini

Wengi tunaotoka Nairobi Jumamosi kwenda kuvua kwa ndoano kwenye mabwawa ya Limuru na Tigoni tuna sheria moja kichwani: mdogo arudi, mkubwa aliwe. Kuna bwawa ambalo sheria hiyo hulimaliza kabisa.

Hatua ya 1. Tengeneza ubao. Kipande cha mbao cha sentimita 60 kutoka soko la Gikomba kinatosha. Pigilia kibao kisimame upande mmoja, kisha gundisha futi ya fundi cherehani, sifuri ikigusa kibao.

Hatua ya 2. Lowesha ubao na mikono, maana mkono mkavu humtoa samaki ute unaomkinga na magonjwa. Mlaze pua ikigusa kibao, mdomo ukiwa umefungwa, bana ncha za mkia, soma. Akiwa ameimeza ndoano usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo. Samaki aliyerudishwa akafa jioni hakusaidiwa na sheria yoyote.

Hatua ya 3. Andika urefu wa kila samaki, hata wa kidole, kwa safari tatu au nne. Usiharakishe hapa. Ukiona tilapia wamejazana kwenye urefu mmoja, vichwa vikubwa, matumbo yamebonyea, jua wamedumaa. Niliwahi kumshika jike asiyezidi kiganja changu, akatema mayai ya manjano juu ya ubao. Mdogo vile, na tayari analea mdomoni! Ukiwarudisha hao, unaongeza walaji kwenye chakula kilekile. Watoe wadogo kwa wingi, na kama kuna besi (samaki wanaokula samaki wengine) wakubwa waache waishi, kwani ndio wanaowapunguza.

Hatua ya 4. Sasa weka kipimo. Kima cha chini, yaani kurudisha kila aliye mfupi kuliko kipimo, hufaa penye samaki wachache wanaokua haraka, ili kila mmoja azae walau mara moja. Wakikua polepole, watarundikana chini kidogo ya kipimo chako. Penye wavuvi wengi, linda pia wazazi wakubwa. Kwa mfano, Ziwa Victoria kipimo cha mbuta (sangara) wa kuvuliwa kiliwekwa kuwa sentimita 50 hadi 85. Huyo wa juu ya 85 ana thamani kubwa majini: jike akirefuka maradufu, uzito wake hukaribia mara nane, na mayai huongezeka pamoja na uzito.

Hatua ya 5. Mvua za vuli zikipita, rudi na ubao uleule. Matumbo yakiwa yamejaa na urefu umetofautiana, endelea hivyo hivyo. La sivyo, badilisha kipimo, si bwawa.