Somo: Kupoza gari la zamani kwa barafu na hita ya mtumba, Mombasa

Gari ambalo AC yake ilikufa zamani, au halikuja nayo kabisa, linaweza kupozwa kwa barafu, pampu ndogo na hita iliyotolewa kwenye gari jingine, ambayo mirija yake itapitisha maji ya barafu badala ya maji ya moto. Usitarajie kiyoyozi kamili. Mtambo huu humpoza dereva na abiria wa mbele kwa saa moja hivi, yaani safari ya Mtwapa hadi kisiwani pamoja na foleni ya Daraja la Nyali. Anayetaka gari zima liwe baridi kutwa nzima atengeneze AC yenyewe.

Kwanza tuondoe lile lisilofaa hapa kwetu. Video nyingi huonyesha sponji au kitambaa kilicholowa mbele ya feni. Mtindo huo hupoza kwa kukausha maji, na maji hukauka upesi penye hewa kavu. Voi au Mtito Andei utaona faida yake. Mombasa wakati wa kaskazi, hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 haiwezi kushuka kwa njia hiyo zaidi ya nyuzi 4 au 5, tena inatoka imebeba maji zaidi. Jasho halikauki, shati linaganda mgongoni, na unaishia kufungua vioo. Ndoo ya barafu yenye feni juu ni afadhali kidogo, lakini hewa huipita barafu haraka bila kushika baridi ya kutosha, na barafu ikiisha unabaki unapuliza maji vuguvugu. Kwa hiyo hapa hewa haigusi maji kabisa: maji ya barafu yanazunguka ndani ya mirija ya hita, hewa inapita nje yake.

Hesabu ya barafu ni hii. Kilo 1 ikiyeyuka hunyonya kilojuli 334. Kilo 10, ukiongeza na yale maji yake kupanda hadi nyuzi 15, hufika kilojuli 4,000 hivi, sawa na kilowati 1 na kitu kwa saa moja. AC ya gari dogo hutoa kilowati 3 hadi 5. Tena karibu nusu ya baridi yako itatumika kugeuza unyevu wa hewa kuwa maji. Hiyo si hasara, maana hewa kavu ndiyo raha yenyewe, ila ndiyo sababu matundu ya hewa lazima yaelekezwe kifuani, si darini.

Hatua ya 1: Zima hita ya gari lenyewe

Wengi huiruka hatua hii, na peke yake inaweza kubadilisha gari. Magari mengi ya zamani hupitisha maji ya moto ya injini kwenye hita hata swichi ikiwa upande wa baridi, ama kwa sababu valvu imechoka, ama kwa sababu halina valvu, lina kibao tu cha kugeuza hewa. Pasha injini moto, weka swichi kwenye baridi, kisha shika kwa kitambaa mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na ndani ya gari. Ikiwa yote miwili ni ya moto, unaendesha na jiko chini ya dashibodi.

Injini ikishapoa kabisa, toa mipira hiyo miwili na uiunganishe yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba la shaba na klipu mbili za chuma. Usizibe kila mmoja peke yake: kuna injini zinazotegemea mzunguko huo ili temostati (valvu inayofuata joto la maji ya injini) ihisi joto sawasawa. Jaza kulanti (maji ya kupozea injini), toa hewa, washa injini dakika 20 ukiangalia geji. Kulanti iliyobaki kwenye hita ipulize ndani ya chombo na usiimwage uani. Ni tamu na ni sumu. Paka wa mtaa wataianza, na mtoto anaweza kuwafuata.

Ukiwa hapo hapo, funika dari kwa sponji yenye karatasi ya fedha chini ya kitambaa chake, na weka kipande kingine chini ya zulia upande bomba la moshi linapopita. Inatosha.

Hatua ya 2: Vifaa

Kitu bora cha kutafuta ni hita ya nyuma ya Toyota HiAce. Gari nyingi za aina hiyo kutoka Japani huja na sanduku dogo chini ya kiti, lina mirija yake na feni yake ya volti 12, na kwa Pwani hakuna anayelihitaji. Uliza kwa wauza spea za mitumba. Kabla ya kulipa, ziba tundu moja, tumbukiza mirija kwenye karai la maji na upulize tundu la pili. Povu likitokea, iache. Zungusha feni kwa mkono pia, na uigusishe kwenye betri.

Ongeza kasha la barafu la lita 25 hadi 30 lenye mfuniko unaobana, pampu ya kuzamisha ya volti 12 isiyo na brashi, ya lita 600 hadi 800 kwa saa, mita 3 za mpira wa maji (pima tundu la hita, mengi ni milimita 16), klipu sita, sponji ya kufunikia mipira, trei ya plastiki, mpira mwembamba wa milimita 8, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya ampea 30, fyuzi ya ampea 20 na ya ampea 5, swichi mbili, na waya wa milimita 2.5 za mraba.

Pampu ya maji ya waipa usiinunue hata ukiipata kwa bei ya bure. Imetengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache, na ukiiacha iendelee itaungua.

Hatua ya 3: Kufunga

Suuza hita kwa maji safi hadi yatoke bila rangi. Iweke sakafuni mbele ya kiti cha abiria au kati ya viti viwili, ikipuliza juu. Chini ya mirija weka trei iliyoinama kidogo, toboa pembe ya chini kabisa, unganisha mpira wa milimita 8 na uutoe nje kupitia kizibo kimojawapo cha mpira kilichopo sakafuni. Tarajia nusu lita ya maji kwa saa, pengine zaidi. Asiyeweka trei hulowesha zulia, na baada ya wiki mbili gari hunuka uvundo na sakafu huanza kutu kimyakimya.

Kasha likae nyuma ya kiti cha mbele, limefungwa kwa mkanda wa kubania mizigo kwenye nanga za mikanda ya viti. Kilo 15 zisizofungwa ni hatari ukipiga breki ya ghafla. Toboa mfuniko matundu mawili ya mipira na moja la waya. Mpira wa pampu uingie tundu la chini la hita na utokee la juu ili hewa isukumwe nje. Unaorudi uishie juu ya barafu upande wa pili wa kasha, mbali na pampu. Ukiuelekeza kwenye pampu, maji vuguvugu yanazunguka na barafu imekaa tu inatazama. Pampu ivike soksi ya nailoni, kwa sababu takataka za barafu ndizo huikaba.

Umeme: chukua chanya kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 20 iliyo karibu na betri, kisha relei inayowashwa na swichi ya injini, kisha feni. Pampu ipite kwenye fyuzi yake ya ampea 5. Swichi ziwe mbili, kwa sababu utataka feni bila pampu wakati barafu imeisha.

Hatua ya 4: Kujaza na kuendesha

Maji lita 4 kwanza hadi yafunike pampu, kisha barafu kilo 10. Chupa za lita moja na nusu zilizogandishwa usiku kucha ni safi na hurudiwa, ila usizijaze hadi shingoni kwani barafu hutanuka kama asilimia 9. Barafu iliyovunjwa ya samaki huyeyuka upesi, kwa hiyo hupoza kwa nguvu lakini kwa muda mfupi. Changanya: chupa nne chini, iliyovunjwa juu.

Kabla ya kuwasha, fungua milango yote dakika mbili joto litoke. Kupoza hewa ya nyuzi 50 iliyofungiwa kwenye gari lililokaa juani Marikiti ni kuitupa barafu. Kisha funga vioo, acha kimoja upenyo wa kidole, washa pampu, baada ya nusu dakika washa feni kwa kasi ndogo. Kasi kubwa huisukuma hewa kabla haijapoa.

Maswali na majibu

Swali (Kisauni): Fundi, nikitia chumvi kwenye barafu si itakuwa baridi zaidi?

Jibu: Itashuka chini ya sifuri, ndiyo, lakini haikuongezei muda. Kinachobadilika ni kwamba mirija ya hita itashika barafu kwa nje, hewa izibwe, halafu chumvi itakula alumini. Kama barafu unaipata kwa wavuvi, onja tone moja la maji yake. Ikiwa ni ya chumvi, iweke ndani ya mifuko au chupa, isiguse maji ya pampu.

Swali (Changamwe): Jamani, mimi yangu inapuliza hewa ya kawaida tu na barafu bado imejaa kasha.

Jibu: Shika mpira unaorudi. Kama hautoki maji, kuna hewa imekwama kwenye hita, au soksi imeziba. Inua kasha juu kuliko hita kwa dakika moja pampu ikiwa inafanya kazi, hewa itatoka. Kama maji yanarudi ya baridi sana, shida ni upande wa hewa: mapezi ya hita yamejaa vumbi, au feni inazunguka kinyume kwa sababu waya zimegeuzwa.

Swali (Likoni): Kwenye foleni ya feri nazima injini. Betri itahimili?

Jibu: Feni kasi ndogo na pampu pamoja ni ampea 6 hivi. Dakika 20 zinakula ampea-saa 2, betri nzima ya ampea-saa 45 haitasikia. Betri inayokusumbua kila asubuhi usiijaribu. Kwa kuwa relei inafuata swichi ya injini, acha ufunguo hatua ya kwanza tu, ile ya redio, na uchukue waya wa relei hapo.

Swali (Jomvu): Nimeona vile vibapa vya umeme vinavyotoa baridi upande mmoja. Si rahisi kuliko barafu?

Jibu: Kibapa cha kawaida cha aina ya TEC1-12706 hula ampea 5 hadi 6 na katika joto letu hubeba wati 30 hivi. Kupata kilowati 1 utahitaji zaidi ya 30, ampea zaidi ya 150, na altaneta ya gari la zamani haitoi hata nusu yake. Tena joto lote unatakiwa kulitupa nje. Ni vizuri kwa kasha la soda.

Swali (Bamburi): Kioo cha mbele kinashika ukungu nje, waipa ndiyo inaufuta. Kwa nini?

Jibu: Hewa baridi inagonga kioo kwa ndani, unyevu wa nje unageuka matone ya maji juu yake. Geuza matundu yatazame kifuani.

Swali (Mikindani): Kuna fundi ameniambia aiwekee AC yangu gesi ya kupikia, itapoza na ni rahisi. Nikubali?

Jibu: Usikubali, ndugu yangu. Itapoza kweli, na ndiyo maana inashawishi. Lakini AC ya gari la zamani huvuja kwenye viungo na kwenye evaporeta, ile mirija inayopoza hewa, iliyo ndani pamoja nawe chini ya dashibodi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inakaa miguuni, na cheche ya swichi ya feni inatosha. Barafu kavu nayo usiiweke ndani ya gari lililofungwa: inageuka kaboni dioksidi, na dereva husinzia kabla hajajua kuna tatizo.

Swali (Mtwapa): Naweza kuunganisha maji ya barafu moja kwa moja kwenye hita iliyopo ndani ya dashibodi nisinunue nyingine?

Jibu: Inawezekana, na matundu ya hewa tayari yapo. Ila mipira italazimika kupita chumba cha injini chenye joto, kwa hiyo ifunike sponji nene mwanzo hadi mwisho. Na kabla ya yote, mimina kikombe cha maji kwenye sanduku la hita uone yanatokea wapi. Yakitokea kwenye zulia, magari mengi ndivyo yalivyo, itabidi ushushe dashibodi utoboe njia ya maji, na kazi hiyo ni kubwa kuliko kutafuta hita ya HiAce.