Namna ya Kuisoma Mizizi ya Nadharia za Kutambuana, Kuanzia Rousseau hadi Fanon

Anayesoma leo maandishi kuhusu haki za makundi madogo, heshima ya mfanyakazi au siasa za utambulisho hukutana mapema na dai kwamba binadamu hudhurika anaponyimwa kutambuliwa na wenzake, na kwamba dhara hilo ni suala la haki, si la hisia pekee. Dai hilo lilipata sura yake ya sasa mwaka 1992, pale mwanafalsafa Charles Taylor wa Kanada alipochapisha insha yake kuhusu siasa za kutambuliwa, na Axel Honneth wa Ujerumani akatoa kitabu chake kuhusu mapambano ya kutambuliwa. Wote wawili humrejea Hegel, mwanafalsafa Mjerumani wa mwanzo wa karne ya kumi na tisa, na wanafunzi wengi huishia kwenye jina hilo bila kushuka zaidi. Mwongozo huu umekusudiwa kwa yule anayetaka kushuka, kwa kusoma maandishi machache lakini kwa mpangilio utakaomwonesha kila mwandishi alikuta nini na aliongeza nini.

Kabla ya kufungua kitabu cha kwanza, andika maswali manne utakayomuuliza kila mwandishi: nani anahitaji kutambuliwa, anahitaji kutambuliwa na nani, nini humpata akikosa, na je, yule anayetambua naye anahitaji kutambuliwa? Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Kwamba watu hupenda sifa lilijulikana zamani. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, mwaka 1651, aliuweka utukufu miongoni mwa sababu kuu tatu za ugomvi, akaongeza kuwa hata neno moja au tabasamu hutosha kuwafanya watu wapigane. Jambo jipya katika fikra za kisasa ni hoja kwamba kutambuliwa hakufanyi kazi yake mpaka kuwe kwa pande mbili.

Anza na hotuba ya Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa mzaliwa wa Geneva, ya mwaka 1755 kuhusu chanzo cha ukosefu wa usawa miongoni mwa watu. Si lazima uisome yote mara moja. Nenda kwenye sehemu ya pili, pale anapowaeleza watu wa kale wakikusanyika mbele ya vibanda vyao au kuuzunguka mti mkubwa ili kuimba na kucheza. Kila mmoja akaanza kuwatazama wengine na kutaka naye atazamwe. Mwimbaji bora, mchezaji bora, mwenye sura nzuri, mwenye nguvu na msemaji hodari wakapandishwa hadhi, na hapo, asema Rousseau, ndipo ilipopigwa hatua ya kwanza kuelekea kutokuwa sawa na kuelekea uovu. Angalia jinsi anavyotenganisha kujipenda kwa asili, kunakomfanya kila kiumbe ailinde nafsi yake, na kujipenda kwa kujilinganisha, ambako hakutulii mpaka mwingine awe chini. Katika kurasa hizi, kuyahitaji macho ya wengine kunakaribia kuwa maradhi. Liandike hilo, kwa sababu waliofuata walilazimika kulijibu.

Baada ya Rousseau, usiende moja kwa moja kwa Hegel. Pita kwa Johann Gottlieb Fichte, mwanafalsafa Mjerumani aliyekuwa akifundisha katika mji wa Jena alipochapisha kitabu chake kuhusu msingi wa haki ya asili, mwaka 1796 na 1797. Vitabu vingi vya utangulizi humpa aya moja, pengine kwa sababu lugha yake ni kavu, lakini kwa maoni yangu bawaba ya mlango wote iko kwake. Fichte anauliza mtu anawezaje kujijua kuwa ni huru. Akiwa peke yake, kila anachokikuta ni kitu kinachompinga, na kitu hakiwezi kumwambia kwamba ana hiari. Jibu la Fichte ni kwamba lazima mtu aitwe na kiumbe mwingine mwenye akili, kwa wito unaomtaka atende mwenyewe na kumwachia nafasi ya kuitika au kutoitika. Msomaji wa Kiswahili anaujua muundo huu mlangoni kwake. Anayepiga hodi ana miguu ya kuingia, na huenda mlango uko wazi, lakini anasimama nje. Kwa kusimama huko anaonesha kuwa ndani yumo mtu mwenye uamuzi, na aliye ndani, awe amejibu au amenyamaza, anajikuta ndiye anayeamua.

Kutoka hapo Fichte anajenga dhana ya haki: kila mmoja auwekee mpaka uhuru wake mwenyewe kwa ajili ya uhuru wa mwenzake, kwa sharti kwamba mwenzake afanye vivyo hivyo. Anasema pia kwamba mtu huwa mtu miongoni mwa watu tu, na utavutika kuandika pembeni mwa ukurasa kwamba mtu ni watu. Andika, lakini usiishie hapo, kwa kuwa methali yetu inamkumbusha mtu utegemezi wake kwa jamaa na jirani, ilhali Fichte anatafuta masharti ya kujitambua na ya sheria baina ya watu ambao huenda hawana undugu wowote.

Sasa mfungue Hegel. Katika kitabu chake cha mwaka 1807 kuhusu fenomenolojia ya roho, yaani maelezo ya hatua ambazo fahamu hupitia hadi kujijua, tafuta sehemu ya bwana na mtumwa, ambayo katika tafsiri ya Kiingereza ya A. V. Miller ni aya ya 178 hadi 196. Ni kurasa chache, nazo zafaa kusomwa kwa vituo vitatu. Aya ya 178 hadi 184 zinaeleza kutambuana kunavyopaswa kuwa, kabla mgogoro haujaingia, na zinafikia kilele kwa sentensi isemayo kwamba pande zote mbili zinajitambua kuwa zinatambuana. Wengi huziruka aya hizi kwa haraka ya kuufikia ugomvi, kisha hudhani kwamba Hegel anausifu ugomvi. Kituo cha pili, hadi aya ya 188, ni pambano ambalo kila upande unahatarisha uhai wake ili uthibitishe uhuru wake, na Hegel anaona papo hapo kwamba kifo hakitatui lolote, kwa sababu maiti haimtambui mtu.

Kituo cha tatu kisome polepole. Mmoja ameogopa kufa akasalimu amri; amekuwa mtumwa, na mwingine amekuwa bwana. Bwana anakata kiu yake, anakula alichotayarishiwa, na anaheshimiwa kila saa. Lakini heshima hiyo inatoka kwa mtu ambaye bwana mwenyewe amekwisha kumhesabu kuwa chombo, hivyo haina thamani kwake: amejinyima shahidi anayemfaa. Mtumwa, kwa upande wake, ameonja hofu ya kifo iliyotikisa kila kitu ndani yake, na kwa kazi ya mikono yake anakipa kitu umbo linalodumu, akaiona nafsi yake katika umbo hilo. Hapa rudi kwenye daftari lako ulijibu swali la nne.

Ukimaliza, chunga usimsome Hegel kwa miwani ya Alexandre Kojève, mfasiri wake mashuhuri nchini Ufaransa, bila kujua. Mihadhara yake ya Paris ya miaka ya 1933 hadi 1939, iliyochapishwa mwaka 1947, iliifanya sehemu hii fupi kuwa ufunguo wa historia nzima. Honneth alikwenda njia nyingine, akiegemea miswada ya Jena ambayo Hegel hakuichapisha maishani mwake, na humo akapata ngazi tatu za kutambuana: upendo unaozaa kujiamini, haki inayozaa kujiheshimu, na mshikamano unaozaa kujithamini. Nancy Fraser, mwanafalsafa wa Marekani, alimpinga Honneth katika kitabu walichokiandika pamoja mwaka 2003, akidai kwamba kipimo kiwe kushiriki kwa usawa katika maisha ya jamii, si afya ya nafsi.

Mwisho msome Frantz Fanon, daktari na mwandishi mzaliwa wa koloni la Ufaransa la Martinique, kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu ngozi nyeusi na vinyago vyeupe, sura ya saba. Fanon anasema kwamba bwana wa koloni si yule wa Hegel: huyu anamcheka mtumwa, na anachotaka kwake ni kazi, si kutambuliwa. Anaongeza kwamba Mweusi wa makoloni ya Ufaransa alipewa uhuru na bwana bila kuupigania. Hoja hiyo ijaribu kwa kisa kilicho karibu nasi. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897, iliyotolewa kwa shinikizo la Waingereza, iliiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria, lakini aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mahakamani kuuomba na kuonesha kuwa ana makazi na njia ya kuishi, huku fidia ikimwendea bwana. Masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa na mabwana kama wake, waliachwa nje hadi mwaka 1909. Chukua ngazi tatu za Honneth na kipimo cha Fraser, uandike kila kimoja kinasema nini kuhusu mwombaji huyo, na wapi kinanyamaza.