Jinsi ya kuomba ukaguzi wa refa baada ya kubadilisha injini ya pikapu ya zamani, California

Fungua boneti ya Toyota Pickup ya 1985, ile ambayo nyumbani tunaiita Hilux, na kama ni ya kabureta utakutana na injini ya 22R iliyozongwa na mipira myembamba ya vakyumu kama tambi. Mingi kati yake ina kazi katika kupunguza sumu ya moshi. Mmoja ukipasuka, gari linaweza kukosa nguvu, na siku ya ukaguzi wa moshi likafeli. Fundi wa kwanza utakayemwuliza atakushauri ung'oe mipira na vifaa vyote vya moshi, uzibe matundu kwa bolti. Usimsikilize. Sheria ya Marekani na ya jimbo la California zote zinakataza kuondoa vifaa hivyo, na magari mengi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Utajificha mpaka lini?

Njia halali ya kupunguza msitu huo ni kuhama nao mzima. Unatoa 22R pamoja na vifaa vyake vyote vya moshi, kisha unaweka injini mpya zaidi pamoja na vifaa vyake vyote. Wenye pikapu hizi wengi huchagua 5VZ-FE, V6 ya lita 3.4 iliyokuwa kwenye Tacoma na 4Runner tangu katikati ya miaka ya 1990. Haina kabureta, inatumia nozeli, na kompyuta inafanya kazi iliyokuwa ya ile mipira. Ukimaliza, boneti inapumua. Ila gari haliwi halali mpaka lipite kwa refa.

Ndiyo, refa. Bureau of Automotive Repair, idara ya jimbo inayosimamia gereji na ukaguzi wa moshi, ina wakaguzi maalumu wanaoitwa hivyo hivyo, kama wa uwanjani. Kituo cha kawaida hakipitishi gari lililobadilishwa injini ambalo halijapita kwao.

Kwanza angalia kama jambo hili linakuhusu. Gari la petroli la mwaka 1975 kurudi nyuma limesamehewa ukaguzi wa moshi wa kila miaka miwili. Kuanzia 1976, endelea kusoma.

Pili, chagua injini kwa masharti, siyo kwa bei. Isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari lako. Ya mwaka huo huo au mpya zaidi ndiyo inayokubalika. Itoke kwenye gari la daraja moja na lako: injini ya lori zito haiingii kwenye pikapu nyepesi. Na kama gari lako liliidhinishwa kwa viwango vya California, injini nayo iwe na idhini hiyo hiyo. Hapa wengi huangukia pua, maana injini inaweza kuwa sawa kwa kila bolti lakini imetoka kwenye gari lililouzwa jimbo jingine. Jibu liko kwenye kibandiko cha moshi chini ya boneti ya gari inakotoka. Kipige picha kabla injini haijang'olewa, pamoja na namba ya chasi. Ukikuta injini imekaa peke yake juu ya paleti ya mbao, bila picha wala karatasi, achana nayo hata ikiwa nusu bei.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe: chukua kila kitu. Ningekuwa mimi, ningenunua gari zima lililogongwa nyuma kuliko kuokoteza spea moja moja. Unahitaji kompyuta ya injini, nyaya zake zote, sensa zote, boksi la chujio la hewa, kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli, na katalisti, lile tumbo la ekzosi linalosafisha moshi. Katalisti ikae umbali ule ule kutoka kwenye injini kama ilivyokuwa kwenye gari la asili, na sensa za oksijeni zikae mbele na nyuma yake vile vile. Ukinunua katalisti ya dukani, lazima iwe na namba ya idhini ya California Air Resources Board, idara ya jimbo inayosimamia usafi wa hewa, na idhini hiyo iwe ya injini yako.

Kwa kuwa gari la 1985 halikuzaliwa na mfumo huu, unapaswa pia kufunga kwenye dashibodi taa ya cheki injini inayowaka kweli, na ile soketi ya kuchomekea mashine ya uchunguzi. Usisahau tangi. Injini za miaka ya baadaye huja na sensa ya presha ya mvuke kwenye tangi la mafuta, na hiyo nayo ni sehemu ya mfumo. Kuingiza sensa hiyo kwenye tangi la 1985 ni kazi ya siku nzima na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mimi nilikwama kwenye kitu kidogo kuliko vyote. Niliweka chujio la hewa la wazi, lile la koni, kwa sababu lilikuwa linang'aa. Halikuwa na namba ya idhini. Refa hakuangalia hata moshi. Alinyoosha kidole tu. Nikarudi nyumbani kutafuta boksi la asili.

Nne, endesha gari kabla ya kwenda. Kompyuta hujipima yenyewe, na vipimo hivyo hufutika ukichomoa betri. Ukifika na kompyuta tupu, unarudishwa. Endesha siku kadhaa, mjini na barabara kuu, kisha hakiki kwa kifaa kidogo cha kusomea misimbo ya kompyuta ya gari kwamba vipimo vimekamilika.

Tano, omba miadi. Unaweza kuomba mtandaoni au kwa simu, na vituo vingi vya refa viko kwenye vyuo vya jamii. Sema wazi tangu mwanzo kwamba umebadilisha injini. Taja mwaka na modeli ya gari lako, na mwaka na modeli ya gari injini ilikotoka. Siku ya miadi beba kadi ya usajili, risiti, zile picha za kibandiko, na karatasi za idhini za kifaa chochote kisicho cha kiwandani.

Refa ataangalia kwa macho kwanza, kifaa kimoja kimoja, kisha atapima. Ukikosa, utaelezwa kasoro. Rekebisha hizo, uombe miadi nyingine.

Ukipita, refa anabandika kibandiko kinachoitambulisha injini na vifaa vyake, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tangu hapo kituo chochote cha kawaida kitakagua gari kwa kufuata kibandiko hicho. Ukipeleka gari kupakwa rangi, mwambie fundi akifunike kwa utepe wa karatasi kabla hajashika bunduki ya rangi.