Somo: Tofali za udongo bila kuchoma, na majivu ya pumba za mpunga

Habari za kazi wanakikundi. Wengi wenu mliomba somo hili baada ya kuona picha za stoo ya mpunga niliyojenga nyumbani Ifakara. Ni chumba cha mita 3 kwa 3, kuta zina kimo cha mita 2.4. Udongo ulitoka kwenye shimo la choo tulilochimba uwanja huohuo. Sehemu ya saruji nilibadilisha na majivu ya pumba kutoka mashine ya kukoboa, na msingi umebeba kifusi cha nyumba iliyobomolewa jirani. Nimeumia kwa miaka mingi kuona magogo yakiishia kwenye matanuri ya tofali huku milima ya pumba ikiteketea bure nyuma ya mashine. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako

Hapa msiharakishe. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kama sentimita 30, upeleke bustanini. Unaotakiwa ni wa chini yake.

Chukua chupa ya maji inayoonyesha ndani, jaza udongo hadi theluthi, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa sana, kisha iache usiku kucha. Mchanga hutulia chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi nusu na mfinyanzi ukawa kama robo au pungufu kidogo, udongo huo unafaa. Mfinyanzi ukizidi sana, ongeza mchanga upime upya.

Halafu tengeneza kisanduku cha mbao kilicho wazi juu: urefu sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake oili ndani, shindilia udongo uliolowana vizuri, kiache kivulini wiki nzima. Udongo ukishakauka utakuwa umesinyaa na kukatika. Sukuma vipande vyote upande mmoja, upime pengo lililobaki. Pengo hilo ndilo linalokuambia saruji kiasi gani:

- chini ya milimita 12: ndoo 1 ya saruji kwa 18 za udongo
- milimita 12 hadi 25: 1 kwa 16
- milimita 25 hadi 38: 1 kwa 14
- milimita 38 hadi 50: 1 kwa 12

Pengo likizidi hapo, usibishane na udongo huo. Udongo wangu ulinipa milimita 20, nikatumia 1 kwa 16.

Hatua ya 2: Majivu

Pumba ikiungua vizuri huacha majivu kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni silika. Silika hiyo hushikana na chokaa inayotoka kwenye saruji wakati inakomaa, ikawa gundi ya ziada. Lakini si majivu yoyote. Chagua ya kijivu cheupe, yaliyoungua taratibu ndani ya rundo. Meusi bado yana mkaa mwingi, yanadhoofisha tofali. Moto mkali sana, unaopita nyuzi 700 hivi, nao huifanya silika kuwa ngumu na isishikane tena.

Yatwange kwenye kinu, yachekeche kwa chekeche la unga. Funika pua na mdomo, vumbi lake ni baya kwa mapafu. Mimi sivuki sehemu moja kati ya tano: ndoo 4 za saruji, 1 ya majivu, na mchanganyiko huo nauhesabu kama saruji.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Chekecha udongo kwa wavu wa milimita 5. Changanya udongo, saruji na majivu vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kidogo kidogo. Finyanga donge mkononi, liachie lidondoke kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaa kama unga, ongeza. Likibonyea tu, umezidisha. Changanya kiasi mtakachomaliza ndani ya nusu saa, maana saruji haimsubiri mtu.

Hatua ya 4: Kufyatua

Mashine za mkono za kushindilia tofali za udongo zilianzia Colombia miaka ya 1950, kwa jina la CINVA-Ram. Kwetu Tanzania, tofali ya kufungamana (inayoshikana na mwenzake kwa meno yake) inayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Mita moja ya mraba inakula tofali 33.

Hesabu ya stoo yangu: mzingo mita 12 mara kimo 2.4 ni mita za mraba 28.8. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 26, yaani tofali 860. Nilifyatua 950 kwa sababu nyingine huvunjika. Mfuko wa kilo 50 ulitoa tofali kama 80, kwa hiyo ningehitaji mifuko 12. Majivu yaliishusha hadi 10.

Hatua ya 5: Kumwagilia

Tofali zangu za kwanza kabisa, miaka ya nyuma, nilizianika juani kama za kuchoma. Zilikauka siku moja, zikapendeza machoni. Nilipozikwaruza kwa msumari zikamwaga mchanga. Karibu mia tatu zilirudi kuwa udongo, na kosa lilikuwa langu.

Zipange kivulini, zifunike kwa nailoni au majani, zimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 14. Usijengee kabla ya siku 28, hasa ukiwa umetia majivu, kwa kuwa yanakomaa polepole.

Hatua ya 6: Msingi na ukuta

Kifusi cha zege kinafaa kushindiliwa chini ya jamvi la sakafu, ila toa vipande vya lipu, mbao na jipsamu. Inua msingi wa mawe au zege sentimita 30 juu ya ardhi, tandika nailoni nzito, ndipo uanze tofali. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, ilaze kwenye udongo wa saruji na uipime kwa pima maji kwa uvumilivu, maana zinazofuata zinapangwa bila udongo katikati. Ikipinda hiyo, zote zimepinda. Mwisho funga lenta, yaani mkanda wa zege juu ya ukuta.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Mimi niko Kyela, mvua zetu unazijua. Ni lazima kupiga lipu?*
Marahaba mwanangu. Anza na paa: upenu utoke sentimita 60. Kinachokula ukuta zaidi ni matone yanayoruka kutoka ardhini, kwa hiyo piga lipu kozi tano za chini, na mwaga kokoto pale maji ya paa yanapodondokea.

*Kaka, huku kwetu udongo ni mweusi wa mbuga, unapasuka kiangazi. Nifanyeje?*
Usiufyatulie tofali, dada. Huo huvimba na kusinyaa kila msimu. Tafuta moramu au udongo mwekundu hata kama ni wa lori moja. Na msingi juu ya mbuga unahitaji mhandisi aje auone kabla hujachimba.

*Je, tukiyeyusha chupa za plastiki na mchanga?*
Nairobi, Nzambi Matee na kampuni yake Gjenge Makers wanatengeneza hivyo vigae vya kutandika njiani, kwa mashine zinazodhibiti joto. Kuyeyusha kwenye pipa uani hapana. Moshi ule ni sumu, na watoto ndio wanaouvuta.

*Mchwa je, fundi?*
Tofali hawali. Wanapanda kwenye nyufa kufuata mbao za paa. Ziba nyufa na acha msingi uonekane, ili njia zao uzione mapema.

*Nimepima kisanduku, pengo ni milimita 43. Nianze kufyatua kesho?*
Bado. Kwa pengo hilo ni 1 kwa 12, saruji itakumaliza. Changanya ndoo 1 ya mchanga kwa 3 za udongo, jaza kisanduku tena, uniletee kipimo wiki ijayo.